Mtoto wa Rais na Lango la Ugombea

Tarehe 1 Julai 1963 Jamshid bin Abdullah alikalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba baba yake, Sultani Abdullah bin Khalifa, alikuwa amefariki dunia. Hakuomba kura kwa mtu, wala hapakuwa na mtu aliyetarajia aombe. Haikutimia miezi saba, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamwondoa, na Abeid Amani Karume akawa Rais wa kwanza wa Zanzibar iliyoukataa utawala wa kurithishana. Tangu siku hiyo Visiwa vimekuwa na marais wanane. Amani Abeid Karume, aliyeongoza kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, ni mtoto wa Rais wa kwanza. Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 2020, ni mtoto wa Ali Hassan Mwinyi, Rais wa tatu wa Zanzibar na wa pili wa Tanzania. Wanne kati ya wanane, kwa hiyo, wametoka katika nyumba mbili.

Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kosa. Nimeitanguliza kwa sababu inaonyesha ugumu wa swali ambalo huulizwa kwa haraka na kujibiwa kwa haraka zaidi, yaani kama familia za watawala zinastahili kutoa wagombea wa urais. Anayejibu hapana husema kwamba huo ni usultani uliorudi kwa mlango wa uani. Anayejibu ndiyo husema kwamba mtoto hakuchagua wazazi, kwamba yeye ni raia kama raia mwingine, na kwamba mwenye kuamua ni mpiga kura. Wote wawili wana hoja, ila mmoja anazungumzia kurithi cheo na mwingine anazungumzia haki ya kukigombea. Katikati yao kuna jambo la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni kurithi ugombea wenyewe: ile nafasi ya kupita hadi jina lako lichapishwe kwenye karatasi ya kura, nafasi ambayo katika nchi zetu haitolewi na mpiga kura hata kidogo. Mimi naamini kwamba tatizo limekaa hapo, langoni, na kwamba tukiendelea kubishana juu ya damu tutalipita bila kuliona.

Njia moja ya kulichambua suala hili ni kuhesabu muda uliopita kati ya siku mzazi alipoondoka madarakani na siku mtoto alipoingia. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 na mwanawe akaapishwa mwaka 2000, miaka 28 baadaye. Mzee Mwinyi alistaafu urais wa Muungano mwaka 1995. Mwanawe alichaguliwa kuongoza Zanzibar baada ya miaka 25. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa mwezi Agosti 1978, na Uhuru Kenyatta akashinda urais mwaka 2013. Kule Botswana, Seretse Khama alifariki akiwa madarakani mwaka 1980 na Ian Khama akawa Rais mwaka 2008. Katika mifano hii yote kizazi kizima kilipita, watawala wengine wakaingia na kutoka, na wapiga kura wengi waliomchagua mtoto hawakuwahi kumpigia kura baba.

Sasa iangalie mifano ya upande wa pili. Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001, na siku kumi baadaye Joseph Kabila, kijana wa miaka 29, akaapishwa kuwa Rais wa Kongo. Gnassingbé Eyadéma wa Togo alipofariki mwezi Februari 2005, jeshi lilimtangaza mwanawe Faure siku hiyohiyo, ilhali Katiba ilimtaka Spika wa Bunge ashike nafasi hiyo. Omar Bongo wa Gabon alifariki Juni 2009, na Oktoba mwaka huohuo Ali Bongo alikuwa amekwisha kuapishwa. Idriss Déby wa Chad alipouawa Aprili 2021, baraza la kijeshi lilimtangaza mwanawe Mahamat bila kungoja maziko. Wengi wa watoto hawa walikuwa na silaha mikononi kabla ya kuwa na kura: Ali Bongo alikuwa Waziri wa Ulinzi wa baba yake kwa miaka kumi, Joseph Kabila alikuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu, na Mahamat Déby alikuwa jenerali katika kikosi kilichomlinda Rais. Kongo na Chad uchaguzi ulifuata baada ya miaka, ukamkuta mrithi ameshakaa Ikulu; Togo na Gabon ulifanyika miezi michache tu baada ya kifo cha baba, ukiwa chini ya rais wa muda. Kuliita jambo hili kwa jina moja na lile la akina Karume au Khama ni kuchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali.

Hata hivyo, ule muda mrefu nao unahitaji kuelezwa. Kipi hulibeba jina la familia kwa miaka 25 au 30 bila kufifia? Watu wengi husema ni mapenzi ya wananchi kwa baba. Kenya inatupa sababu ya kutoridhika na jibu hilo.

Mwaka 1997 Uhuru Kenyatta aligombea ubunge wa Gatundu Kusini, nyumbani kwao hasa, mahali ambapo jina la baba yake lingetarajiwa kuwa na uzito kuliko kwingine kokote, naye akashindwa. Kama jina lingetosha, safari ingeanzia hapo na kuendelea. Badala yake iliishia hapo, mpaka Rais Daniel arap Moi alipomteua kuwa mbunge mwaka 2001, akampa uwaziri wa Serikali za Mitaa, na mwaka 2002 akamsimamisha kuwa mgombea urais wa KANU, chama tawala. Vigogo waliokuwa wakiingoja zamu yao, akiwamo Raila Odinga, waliona kwamba mchujo umefanyika kichwani mwa mtu mmoja. Wakaondoka chamani, na tarehe 14 Oktoba 2002 pale Uhuru Park Raila akatamka maneno mawili yanayokumbukwa na kila Mkenya wa umri huo, "Kibaki tosha". Mwai Kibaki, mgombea wa upinzani, alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Uhuru aliambulia takriban asilimia 31.

Mpiga kura, basi, alimkataa Uhuru mara mbili, kwanza kijijini kisha nchini. Alichokuwa nacho, na ambacho kijana mwingine wa Gatundu hakuwa nacho, ni uwezo wa kukataliwa na bado kubaki mezani. Ardhi na biashara za familia hazikwenda na kura zile. Wapambe na wafadhili walibaki, na watu waliopata vyeo enzi za baba walikuwa bado hai na wana neno la kusema. Mwaka 2013 alishinda kwa asilimia 50.07. Sisemi kwamba ushindi huo haukuwa wake, maana kwa miaka kumi na moja alikuwa amekuwa kiongozi wa upinzani, waziri na naibu waziri mkuu. Ninachosema ni kwamba nasaba humpa mtu nafasi ya kujaribu tena pale ambapo mwingine hujaribu mara moja, akarudi nyumbani na madeni.

Nyumba ya Odinga inaonyesha urithi wa namna nyingine, na ndiyo maana ubishi kuhusu Kenya hauishi. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza, akajiuzulu mwaka 1966, akaunda chama cha upinzani cha KPU, na mwaka 1969 chama kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Raila, mwanawe, alikaa kizuizini bila kufikishwa mahakamani kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1982 hadi 1991. Alichorithi hakikuwa cheo, kwa kuwa baba yake hakuwahi kuwa Rais. Mwaka 1992 mzee huyo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aligombea urais akamaliza wa nne. Mtoto aligombea mara tano, kuanzia 1997 hadi 2022, na hakutangazwa mshindi hata mara moja, ingawa mara ya nne Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Agosti 2017 kutokana na kesi yake. Ni vigumu kumwambia mtu aliyelipa gharama hiyo kwamba alikuwa mtoto wa mkubwa anayekula jasho la baba yake. Lakini ni kweli vilevile kwamba baada ya kifo chake, Oktoba 2025, chama chake cha ODM kilimkabidhi uongozi Oburu Oginga, ndugu yake mkubwa. Chama kilichodumu kwa miaka 20 kikitetea demokrasia kilipofiwa kilitazama kwanza ndani ya nyumba ileile.

Sidhani kwamba ODM ilifanya hivyo kwa sababu ya ubovu wa mtu yeyote. Ni ada ya vyama visivyo na mizizi nje ya mwanzilishi wake. Kiongozi anapofariki, makundi yaliyokuwa yakivumiliana chini yake huanza kutazamana kwa jicho la shaka, na hakuna aliye tayari kumwona mwenzake akipanda. Jina la marehemu ndilo pekee ambalo hakuna anayethubutu kulipinga hadharani. UDPS, chama cha upinzani cha Kongo, ilipitia njia hiyohiyo. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama hicho mwaka 1982, alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, na Machi 2018 chama kikamchagua mwanawe Félix kuwa kiongozi na mgombea urais. Mwili wa mzee ulibaki Ubelgiji kwa zaidi ya miaka miwili kutokana na mvutano na serikali kuhusu maziko, ukarejeshwa Kinshasa mwishoni mwa Mei 2019, wakati mtoto alikuwa tayari ni Rais. Makabidhiano ya Januari 2019, ambayo yalikuwa ya kwanza ya amani tangu uhuru wa nchi hiyo, yalifanyika kati ya mtoto wa Kabila na mtoto wa Tshisekedi, na maaskofu wa Kanisa Katoliki walisema matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale waliyokusanya waangalizi wao. Nchi yenye makumi ya mamilioni ya watu ilikuwa imehamisha madaraka kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Hasira dhidi ya hali hii inaweza kuwa mtaji wa kisiasa, na William Ruto aliuonyesha mtaji huo ukizaa. Baada ya Uhuru na Raila kushikana mikono tarehe 9 Machi 2018 kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais jijini Nairobi, Wakenya wengi walipumua kwa kuona amani imerudi, lakini wengine waliona nyumba mbili zilizogombana tangu 1966 zikipatana juu ya nchi isiyo mali yao. Ruto, aliyesimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara, akaugeuza uchaguzi wa 2022 kuwa pambano la mahasla, yaani wahangaikaji wa kipato cha chini, dhidi ya watoto wa wakubwa, na akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Gideon Moi, mtoto wa Rais wa pili, alipoteza useneta wa Baringo katika uchaguzi huohuo. Hata hivyo, serikali mpya ilimpa Musalia Mudavadi cheo cha Mkuu wa Mawaziri, naye ndiye aliyeingia bungeni mwaka 1989 bila kupingwa katika kiti cha Sabatia kilichoachwa na marehemu baba yake, Moses Mudavadi. Silisemi hili kumdharau. Ana rekodi yake. Nalisema kwa sababu kampeni iliyowashambulia watu waliopita langoni haikubadilisha chochote kuhusu lango. Namna vyama vinavyoteua wagombea ilibaki ilivyokuwa, na sheria ya kudhibiti fedha za kampeni, iliyopitishwa mwaka 2013, haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022.

Haki inanidai niseme pia upande ambao wapinzani wa nasaba huupita. Amani Karume aliingia madarakani kwa uchaguzi uliolalamikiwa vikali, na Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya kuupinga. Lakini ni huyohuyo aliyekutana na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, Novemba 2009 na kuanzisha maridhiano, yaliyozaa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mtoto wa mwasisi wa Mapinduzi alikuwa na kinga ambayo kiongozi mwingine wa CCM Zanzibar asingekuwa nayo: nani angemwita msaliti wa Mapinduzi? Jina lilimruhusu kufanya jambo ambalo lingemwangusha mwingine. Huko Asia majina ya familia yaliwafungulia wanawake milango iliyokuwa imefungwa, kama ilivyokuwa kwa Indira Gandhi wa India na Benazir Bhutto wa Pakistan, ingawa Afrika haijayahitaji, kwa kuwa Ellen Johnson Sirleaf, Joyce Banda na Samia Suluhu Hassan hawakuwa mabinti wala wajane wa marais.

Kama ni hivyo, je, sheria inaweza kufanya nini? Marufuku ya jumla haiwezekani na haifai. Ibara ya 38 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kugombea, na Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, kuzaliwa kukiwa mmojawapo. Mtu akizuiwa maisha yake yote kwa sababu ya baba yake, ameadhibiwa kwa kuzaliwa. Ufilipino iliandika katika Katiba yake ya 1987 kwamba nasaba za kisiasa zinapigwa marufuku kwa jinsi sheria itakavyofafanua, kisha Bunge, lililojaa watu wa nasaba hizo, likakaa miongo bila kutunga sheria ya kuzizuia katika siasa za taifa. Mwaka 2022 mtoto wa Ferdinand Marcos alichaguliwa kuwa Rais na binti wa Rodrigo Duterte akawa makamu wake.

Guatemala ilichagua njia nyembamba zaidi, na mimi naiona ina akili. Ibara ya 186 ya Katiba yake inawazuia ndugu wa karibu wa Rais aliye madarakani, pamoja na ndugu wa waliopindua serikali, kugombea kiti hicho. Mwaka 2011 Sandra Torres, mke wa Rais Álvaro Colom, aliomba talaka ili apate kugombea. Ndoa ikavunjwa, na mahakama bado zikamkatalia. Baada ya mumewe wa zamani kuondoka madarakani, aliruhusiwa kugombea miaka ya 2015, 2019 na 2023, akashindwa mara zote tatu katika duru ya pili. Naona huo ndio mpaka unaostahili kuigwa: wakati jamaa yako anashika jeshi, hazina na vyombo vya uchaguzi, wewe ngoja, akishaondoka, nenda kwa wananchi kama wengine. Ningependa kingojeo hicho kiendelee hadi mtu mwingine amalize muhula mzima. Kipimo hicho kisingewazuia Karume, Mwinyi, Kenyatta wala Khama. Kingemzuia Ali Bongo, na nchini Uganda kingemaliza mjadala kuhusu Muhoozi Kainerugaba, Mkuu wa Majeshi na mtoto wa Rais, ambaye mwaka 2023 alitangaza kwamba angegombea 2026 na Septemba 2024 akatangaza kumwachia baba yake.

Sheria kama hiyo haitafika mbali mahali ambapo Katiba inaweza kubadilishwa kati ya asubuhi na jioni, kama ilivyofanyika Togo. Wala haitagusa urithi ule wa polepole, wa ardhi, wapambe na majina yanayoketi katika vikao vya chama. Kwa huo hakuna dawa isipokuwa kulipanua lango. Kenya imejaribu kidogo: mtu asiye na chama anaweza kugombea urais akidhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zilizo nyingi, yaani angalau 24 kati ya 47. Ni kazi ngumu, lakini hahitaji ruhusa ya kigogo.

Tanzania bado haijafika hapo. Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama, kwa hiyo swali la nani agombee hujibiwa katika vikao. Vikao hivyo si mihuri ya kugongea majina ya wakubwa. Mwaka 2015 Makongoro Nyerere, mtoto wa Baba wa Taifa, alichukua fomu ya CCM na hakuingia hata kwenye tano bora. Lakini kikao kinachoweza kumkataa mtoto wa Mwalimu ndicho pia kinachoweza kumkataa mtoto wa mkulima asiyejulikana, na huyu wa pili hana wafadhili wala jina la kumrejesha baada ya miaka mitano.

Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania mlango mwingine, ule wa mgombea binafsi asiye na chama, kwa zaidi ya miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuifuta hukumu hiyo. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, ikisema kwamba suala la mgombea binafsi ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha raia apitie chama ndipo agombee ni kuvunja haki zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015. Wiki tatu baadaye Watanzania walipiga kura, na majina yote ya wagombea urais kwenye karatasi yalikuwa yameletwa na vyama.